Jua, Unga Mweupe na Maji Yenye Rangi

Mseminari mmoja wa mwaka wa pili wa filozofia ametuandikia barua, na barua yake yafaa ijibiwe hapa mbele ya wasomaji wote. Asema kwamba mama mkubwa wake na wenzake sita wanatia rangi vitambaa nyuma ya nyumba, wanavifanya vikwembe vya sikukuu na kuviuza sokoni. Maji yanayobaki, mara mekundu, mara ya buluu, wanayamwaga mferejini, nayo yanashuka mpaka kijito ambamo watu wa upande wa chini wanaloweka mihogo. Watu hao wameanza kunung'unika. Sasa amekuja mchuuzi mmoja na unga mweupe katika mifuko, naye asema: « Tieni kijiko kimoja ndani ya pipa, liacheni juani, jua litakula rangi yote, na maji yatakuwa safi hata ya kunywa. » Bei ya mfuko si ndogo. Mseminari auliza: ni kweli, au tunadanganywa?

Ndugu mseminari, jambo lenyewe ni kweli. Uko unga mweupe ambao, ukipigwa na jua, wavunja rangi iliyomo majini. Wenye elimu wameupima maelfu ya mara. Lakini lile neno « safi hata ya kunywa » si kweli hata kidogo, na kati ya ile kweli na ule uongo pana mambo mengi ambayo lazima tuyafahamu kabla ya mama mkubwa kufungua mfuko wake wa pesa.

Tuanze na rangi yenyewe.

Zamani watu wa mahali pote walitoa rangi katika majani, magome, udongo na wadudu. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alitaka kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Kinini hakukipata. Alipata takataka nyeusi, na alipoisafisha ikatoa rangi ya zambarau nzuri ajabu. Tangu siku hiyo rangi za nguo zikaanza kutoka viwandani. Mwaka 1858 Mjerumani Peter Griess akafungua njia ya kutengeneza rangi zinazoitwa azo. Jina hilo latoka katika neno azoti, lile tulilojifunza shuleni katika masomo ya chimie. Katika kila molekuli ya rangi hizo zimo atomu mbili za azoti zilizoshikana, na kamba hiyo ya azoti ndiyo inayosaidia kuipa rangi yake. Mpaka leo sehemu kubwa ya rangi za nguo duniani ni za ukoo huo wa azo.

Mojawapo ina jina letu. Mwaka 1883 Mjerumani Paul Böttiger alipata rangi nyekundu ambayo ilishika pamba mara moja, bila dawa nyingine ya kuishikiza. Wakati ule hilo lilikuwa jambo jipya, na faida yake ilikuwa kubwa. Haki ya kuitengeneza ilinunuliwa na kampuni ya AGFA ya Berlin. Kumbe wakati huo huo, kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekutana katika mji huo huo wa Berlin kupanga mambo ya Kongo na ya Afrika, na magazeti yalijaa neno Kongo. Wafanyabiashara wakaona jina hilo litauza vizuri, wakaiita rangi yao Nyekundu ya Kongo, kwa Kifaransa rouge Congo. Ndani yake hamna mti wa Kongo, wala udongo wa Kongo. Jina tu lilichukuliwa kwetu bila kuulizwa, kama mambo mengine ya mwaka ule.

Naitaja rangi hiyo si kwa ajili ya jina tu. Katikati ya molekuli yake kuna kipande kinachoitwa benzidini. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alitangaza kwamba watu waliotumika katika kiwanda cha rangi walipata kansa ya kibofu. Baada ya miaka mingi ya kuchunguza, benzidini ilihesabiwa kati ya sumu zinazoleta ugonjwa huo. Nyekundu ya Kongo ikiwa nzima ni jambo moja. Lakini ikivunjika vibaya, ile kamba ya azoti ikikatwa na kilichobaki kikiachwa hivyo hivyo, benzidini yatoka. Basi rangi imekwisha machoni, na sumu imezaliwa. Ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya, mwaka 2002, zilikataza katika nguo rangi zote za azo zinazoweza kutoa benzidini na ndugu zake. Mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

Rangi zinazotumika leo sana kwa pamba ni nyingine: rangi zinazofunga ndoa na uzi. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956. Rangi hizo hazikai juu ya uzi kama vumbi, zinaungana nao kabisa, hata ufue mara ngapi. Lakini ndani ya pipa sehemu yake inaungana na maji badala ya uzi, na hiyo haiwezi tena kushika nguo. Mara nyingine ni sehemu moja katika kumi, mara nyingine tatu au hata nne. Yote hiyo yaenda mferejini. Tena, ili rangi ikubali kuacha maji na kwenda kwenye uzi, fundi anatia chumvi nyingi, gramu makumi katika kila litri, na soda juu yake. Kwa hiyo maji yanayotoka nyuma ya nyumba ya mama mkubwa yana rangi, yana chumvi, yana soda. Jicho laona rangi tu.

Mtu atauliza: mbona kijito hakimezi rangi kama kinavyomeza uchafu mwingine? Ni kwa sababu ya sifa yake yenyewe. Mnunuzi wa kikwembe ataka kitu gani? Ataka kisichujuke kwa sabuni, kwa jasho, kwa jua. Mtengeneza rangi ametumika miaka mingi kuifanya iwe ngumu. Vijidudu vya mtoni, vinavyokula majani na mavi, vinaikuta ngumu vile vile. Na maji yenye rangi nzito yanazuia mwanga usifike chini, hata majani ya majini na samaki wanakosa hewa.

UNGA MWEUPE NA KAZI YAKE

Unga wenyewe ni oksidi ya titani. Si kitu kigeni: weupe wa rangi nyingi za ukuta ni huo. Na habari yake yaanzia hapo ukutani. Mafundi waliona kwamba kuta zilizopakwa weupe wa titani, zikikaa juani miaka michache, zinatoa unga kama chaki ukizipangusa kwa mkono. Jua lilikuwa likivunja gundi iliyoshika rangi, na titani ndiyo iliyolisaidia. Mwaka 1938 Goodeve na Kitchener, wataalamu wa Uingereza, walionyesha kwamba unga wa titani ukipigwa na mwanga wachujusha rangi iliyoushika, bila unga wenyewe kupungua. Lakini mambo hayo yalibaki katika vitabu vya wataalamu. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, waliandika katika gazeti Nature kwamba titani chini ya mwanga yaweza kusaidia kutenga maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Ndipo dunia nzima ikageuza macho, na tangu hapo watu wakajaribu kuitumia kwa sumu na rangi za majini.

Kitu kama hicho chaitwa kichocheo. Tumfikirie mshenga wa ndoa. Anakwenda kwa ukoo huu, anakwenda kwa ukoo ule, anafanya mambo yaende upesi. Ndoa ikifungwa yeye haoi wala haolewi. Anaondoka, na kesho yuko katika nyumba nyingine. Kichocheo kinafanya kazi hivyo kati ya rangi na oksijeni. Ila mshenga huyu wa titani ana masharti: bila mwanga haendi popote.

Sasa tuingie ndani ya chembe. Mwanga ukiipiga, elektroni moja inaruka kutoka mahali pake, na pale ilipotoka panabaki tundu. Mara nyingi, tena mara nyingi sana, elektroni inaanguka tena katika tundu lake, na kilichopatikana ni joto dogo tu. Lakini mara chache elektroni inafika juu ya chembe na kukamatwa na oksijeni iliyo majini, na tundu nalo linanyang'anya elektroni katika maji yaliyogusa chembe. Maji yaliyonyang'anywa hivyo yanakuwa kitu kiitwacho radikali ya hidroksili. Hicho ni kitu chenye njaa kali. Hakiishi hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, na katika muda huo chauma chochote kilicho karibu. Kikikuta molekuli ya rangi chauma hapo, kingine chauma pale, mpaka molekuli yavunjika vipande, na vipande kuwa vipande vidogo zaidi. Kazi ikifika mwisho wake, kaboni ya rangi imekuwa gesi, ile ile tunayoitoa kwa pumzi, na salfa imekuwa salfati.

Nasema ikifika mwisho wake.

Mwanga gani wafaa? Si wote. Titani ya namna inayotumika zaidi, iitwayo anatazi, yataka miali mifupi kuliko nanometa 388. Jicho la mtu laanza kuona karibu na nanometa 400. Maana yake, titani inakula sehemu ya jua tusiyoiona, iliyo nje ya rangi ya zambarau ya upinde wa mvua, na sehemu hiyo ni kama 4 au 5 tu katika 100 za nguvu ya jua linalotufikia. Miali hiyo yapita katika chupa nyeupe za kioo na za plastiki, lakini haipiti katika pipa la chuma wala ndoo nyeusi. Wajapani mwaka 2001 walionyesha kwamba titani iliyotiwa azoti kidogo yaweza kutumia pia mwanga wa buluu tunaouona, na tangu wakati huo unga wa namna nyingi umetengenezwa kwa kusudi hilo. Maabarani unatenda vizuri. Sokoni kwetu mtu asidhani ataukuta.

CHUPA TATU

Mimi mwenyewe nilitaka kuwaonyesha wanafunzi jambo hili. Nikanunua mjini unga wa titani kwa muuza rangi za ukuta, nikatayarisha maji yenye bleu de méthylène, ile buluu ya dispensari, kidogo tu, maji yakawa kama anga. Tukaweka chupa juani tangu saa mbili za asubuhi. Saa sita bado ni buluu. Saa kumi bado ni buluu. Wanafunzi kwa heshima hawakucheka, lakini niliwaona wakitazamana.

Baadaye ndipo nilipofahamu. Watengeneza rangi za ukuta wamejua hasara ya titani tangu zamani, basi wanaifunika kila chembe kwa ngozi nyembamba ya silika na alumina, makusudi isifanye kazi yake juani. Nilikuwa nimenunua mshenga aliyefungwa mdomo. Rafiki anayefundisha chuo kikuu alinipa kopo dogo la anatazi tupu, na chupa ya pili, kwa kutikiswa mara kwa mara, ilikuwa imeng'aa kabla ya wanafunzi kutoka katika masomo ya mchana.

Kwa hiyo, neno « titani » juu ya mfuko halitoshi. Na hata rangi ikipotea halitoshi, maana rangi yaweza kupotea kwa njia nyingine. Ndiyo sababu chupa moja haifai, zatakiwa tatu, zote za namna moja na maji mamoja. Ya kwanza ina rangi bila unga, inakaa juani. Ya pili ina rangi na unga, inafungwa katika kitambaa cheusi na kuwekwa pale pale juani, ili joto liwe sawa. Ya tatu ina rangi na unga, wazi juani. Zitikiswe zote pamoja.

Sasa tusome. Chupa ya kwanza ikichujuka, ni jua lenyewe lililofanya kazi, na hakuna haja ya kununua kitu. Chupa ya pili ikichujuka gizani, tutazame unga uliotua chini. Kama umekuwa wa buluu, basi rangi imeushika unga tu, kama inavyoshika makaa; imehama nyumba, haikufa. Kama unga hauonekani, umeyeyuka, na harufu ya Javel yapanda puani, basi mchuuzi anauza Javel kwa bei ya titani. Javel yaondoa rangi upesi, hata usiku, lakini klorini yake yaungana na vipande vya rangi na kuzaa vitu vingine vibaya. Ila chupa ya tatu ikiwapita wenzake wawili waziwazi, hapo twaweza kusema kwamba mwanga na unga vimefanya kazi pamoja.

Kuna mtego mmoja bado. Bleu de méthylène ina tabia ya kujificha. Ikinyimwa oksijeni na kupewa elektroni, yageuka isiyo na rangi. Ukitikisa chupa hewa ikaingia, buluu yarudi kama haikuondoka. Walimu wengi wa shule wanaonyesha mchezo huo kwa sukari ya glukozi na soda kali. Titani nayo, juani, katika chupa iliyojaa mpaka mdomoni na kuzibwa, yaweza kufanya vile vile. Basi chupa iachwe na nafasi ya hewa, na mwishoni itikiswe kwa nguvu. Nyekundu ya Kongo ina kituko chake pia: ukiitia asidi yageuka buluu. Jicho, wapendwa, lapima rangi. Sumu halipimi.

Katika maabara wanapima kaboni yote iliyobaki katika maji. Na hapo wanaona kila mara kwamba rangi yapotea kwanza, kaboni yafuata polepole. Maji yaweza kuwa meupe, na sehemu kubwa ya kaboni ya rangi ikawa bado imo katika vipande visivyo na rangi. Hapo ndipo tunaporudi kwa benzidini. Uzuri wa titani ni kwamba haiishii kukata kamba ya azoti tu. Ikipewa muda yaendelea kuvila vipande pia. Vijidudu vya tope lisilo na hewa hukata kamba na kuacha sumu imesimama. Hiyo ni sifa ya kweli ya titani, nami sitaki kuipunguza. Lakini sifa hiyo yategemea muda, na mtu anayeondoa chupa juani mara tu rangi inapopotea ameikatiza kazi katikati. Tena viko vipande vinavyoishinda kabisa. Rangi nyingi zile zinazofunga ndoa na uzi zina pete moja ya kaboni na azoti, ambayo mwisho yabaki kama asidi sianuriki. Titani haiiwezi, hata ikae juani wiki nzima. Kwa bahati njema asidi hiyo si sumu kali.

KUTOKA CHUPA MPAKA KIWANDA

Kama mambo ni hivyo, mbona viwanda vya dunia havitumii jua kila mahali? Wengi wamejaribu. Kusini mwa Hispania, katika jangwa la Tabernas karibu na Almería, kuna mahali pa kuchunguza kazi za jua ambapo maji machafu yanapitishwa katika mirija ya kioo iliyolazwa juu ya vioo vya kukusanyia miali. Huko wamejifunza mengi, tena wamejifunza kwamba maji ya kiwanda si maji ya chupa.

Kwanza, maji ya kiwanda ni mazito kwa rangi. Mwanga unaingia milimita chache tu, halafu giza. Kule chini titani yalala usingizi. Pili, ile radikali yenye njaa haichagui: ikikuta soda na chumvi yauma hizo, na rangi yaponea. Tatu ni unga wenyewe. Chembe zake ni ndogo mno, katika unga mashuhuri wa maabara kila moja ni kama nanometa 20 na kitu, hata kitambaa haziuzuii. Maji yakawa hayana rangi, lakini sasa ni kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Wengine wanagandisha titani juu ya kioo au mawe madogo, wasiwe na haja ya kuchuja. Hapo kazi yapungua mwendo, kwa sababu ni uso wa juu tu unaogusa maji.

Kwa maoni yangu mahali pake panajulikana sasa: titani ni mtumishi wa mwisho, si wa kwanza. Maji yatulizwe kwanza, takataka zianguke, vijidudu vile vinachoweza kula, na mwisho, rangi hafifu iliyokataa yote hayo ipelekwe juani. Mtu anayeiweka mwanzoni anapoteza jua na unga.

Na chumvi? Chumvi haiguswi hata kidogo. Chumvi haina la kuchomeka ndani yake.

Yaliyotokea Tiruppur yaonyesha jambo hilo wazi. Tiruppur ni mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, unaotengeneza fulana na nguo za kufuma na kuziuza dunia nzima. Si ajabu wewe unayesoma umevaa moja. Nyumba za kutia rangi zilizidi mia nyingi, na maji yao yalikwenda katika mto Noyyal. Chini ya mji, serikali ilikuwa imejenga lambo la Orathupalayam ili wakulima wanyweshe mashamba. Lambo likajaa maji ya rangi. Wakulima walilia juu ya rangi, lakini kilichoua mashamba zaidi kilikuwa chumvi: udongo ukaharibika, visima vikawa na chumvi, mazao yakakataa. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru nyumba hizo zisitoe hata tone. Wengi hawakutimiza, na Januari 2011 mahakama ikaamuru zifungwe, zaidi ya 700. Wafanyakazi wengi walibaki bila kazi. Zilizofunguliwa tena zimelazimika kusukuma maji kwa nguvu katika ngozi nyembamba zinazozuia chumvi, halafu kuchemsha yaliyobaki mpaka chumvi ikauke. Gharama yake ni kubwa, umeme unaliwa sana.

Kwetu tulikuwa na viwanda vya nguo vya sifa, Filtisaf kule Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, Utexléo kule Kinshasa, na Sotexki kule Kisangani. Leo vikwembe vingi vya soko letu vimetiwa rangi mbali, na maji yake machafu yamebaki kwa watu wa mbali. Ya kwetu ni yale yatokayo nyuma ya nyumba, katika mapipa kama ya mama mkubwa wa mseminari wetu.

Basi huyo mama aambiwe nini? Kwanza apime. Mara nyingi mafundi wa nyumbani wanatia rangi kwa kukisia, na mkono mzito unamwaga mferejini kitu kilichonunuliwa kwa pesa. Mizani ndogo itamlipa upesi kuliko mfuko wa unga. Chumvi ipimwe vile vile. Maji ya pipa lililokwisha kazi yaweza kutumika tena kwa kitambaa cha rangi hafifu, au kwa kulisuuzia la kwanza. Yanayobaki yasiende kijitoni. Wakati wa kiangazi yamwagwe katika beseni pana la simenti, la kina kifupi, yakaushwe na jua. Ukoko wa rangi na chumvi ukwanguliwe, utiwe katika kopo lenye kifuniko, ukae mbali na kisima. Wakati wa mvua njia hiyo yafa, na hapo afadhali wale wanawake saba wajenge kisima kimoja chenye paa kuliko kila mmoja kumwaga kwake.

Na ule unga? Mchuuzi aombwe kijiko kimoja. Anayepima afunge kitambaa puani, vumbi lake si la kuvuta. Afanye chupa tatu kwa maji halisi ya pipa, si kwa buluu ya dispensari, kwa sababu bleu de méthylène ni rahisi mno na yawapa watu matumaini ya bure. Rangi ikipotea katika ya tatu aiache juani siku mbili zaidi, kisha aiache itue. Halafu achukue mbegu kumi za maharagwe azilaze katika kitambaa kilicholoweshwa maji hayo, na kumi nyingine katika kitambaa cha maji ya mvua, na baada ya siku nne ahesabu zilizoota kila upande. Hesabu hiyo awaonyeshe watu wa chini wenye mihogo, pamoja na mchuuzi. Nasi atuandikie alichoona, asisahau kutaja kama siku zile mbingu zilikuwa na mawingu.